Mkate na Chumvi kwa Benki

Bernadette Hlavaty alipiga deki nyumba yake siku nzima ili aikabidhi benki ikiwa safi, na benki yenyewe haikuja hata kuichungulia. Ningekuwa mtu mpole ningeianza hadithi hii kwa upole. Lakini nimebeba barua katika mitaa hii ya kusini mwa Cleveland miaka ishirini na sita, na upole wangu ulikwisha mwaka 2008.

Jina langu ni Alvin Teague, mtu wa posta. Watu hudhani mpeleka barua hajui kilichomo ndani ya bahasha. Anajua sana. Kadi ya siku ya kuzaliwa ina rangi na hunukia manukato ya shangazi. Barua ya wakili wa benki ni nyeupe na ndefu, ina kidirisha cha plastiki, na inataka sahihi ya anayeipokea. Mwaka ule niligawa nyeupe nyingi kuliko kadi za Krismasi, na nilijiona mjuzi wa mambo hayo kwa sababu tu yalipitia mkononi mwangu.

Bernadette alikuwa na miaka hamsini na minane, mpishi wa shule ya msingi iliyoko kona mbili kutoka kwake. Mumewe, Eddie, alifanya kazi kwenye kinu cha chuma mpaka moyo ukamsimama. Nyumba ilijengwa na babu yake Eddie, aliyekuja kutoka Slovakia na msumeno na hamu ya kuwa na baraza lake mwenyewe. Ilikuwa ya mbao, ghorofa mbili, nyembamba kama zote za mtaa ule, na deni lake lilikwisha kulipwa kabla Eddie hajazaliwa. Bernadette aliingia humo akiwa bibi harusi na alisema waziwazi kwamba hatatoka ila kwa jeneza. Hakuwa na ndoto nyingine. Hakutaka kwenda Florida wala kuiona Paris. Alitaka kufia kwenye chumba cha juu chenye dirisha linalotazama mnara wa kanisa.

Alikuwa msafi wa kuudhi. Alifagia baraza, akafagia ngazi, akafagia njia ya watembea kwa miguu ambayo ni mali ya jiji, kisha akasimama na ufagio kuangalia upande wa pili wa barabara kwa Duane Pruitt na kufyonza. Kwa Duane palikuwa na magari matatu yasiyo na magurudumu, kochi kuukuu barazani, na Duane mwenyewe juu ya kochi akiwa na kopo la bia. Alitengeneza magari ya watu siku alizojisikia, na siku za kujisikia zilikuwa chache.

"Mtu kama yule anaishushia bei nyumba yangu," Bernadette aliniambia mara nyingi. Nami nilikubali kwa kichwa. Nilimwona Duane hana mbele wala nyuma.

Aliyemwingiza Bernadette mtegoni hakuwa na kopo la bia. Alikuwa na tai. Aliitwa Kip Dalrymple, alikuja mwaka 2005 na boksi la donati, akaketi kwenye meza ya jikoni na kumsifia mapazia. Akamwambia paa limechoka, kuta zinahitaji mabati mapya ya aluminiamu, na kwamba ni dhambi kukaa na nyumba isiyo na deni wakati thamani imelala bure ukutani. Ndivyo walivyozungumza watu wale miaka ile, eti thamani imelala, kana kwamba kulala ni kosa.

"Na malipo yakipanda baada ya miaka miwili?" Bernadette alimwuliza. Si mjinga huyu mama, swali aliuliza.

"Utachukua mkopo mwingine ulio nafuu, Bi Hlavaty. Nyumba yako itakuwa imepanda bei."

"Isipopanda?"

Kip alicheka mpaka sukari ya donati ikamwangukia kwenye tai. "Mama, nyumba hazishuki bei!"

Bernadette akasaini mkopo, nyumba ikawa rehani. Mabati yalikuja, meupe, yanang'aa, na kwa miaka miwili ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote mtaani. Kip naye alihamia kuuza boti huko Florida. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka kadi aliyowatumia wateja wake wa zamani, ina picha yake amevaa kofia ya nahodha.

Kisha nyumba zikashuka. Yule aliyecheka hakuwepo kuziona. Kwanza ilifungwa nyumba ya kona, mbao kwenye madirisha. Halafu tatu. Halafu nikawa napita upande mzima wa barabara bila kufungua mkoba. Bwana mmoja kutoka California alinunua nyumba sita kwa kompyuta, kila moja kwa bei isiyotosha kununua gari lililokwishatumika, akaja kuziona siku moja. Aliziona akiwa ndani ya gari la kukodi, vioo juu, milango imefungwa kwa ndani, akarudi uwanja wa ndege jioni hiyohiyo. Jiji lilituma watu kupaka mbao za madirishani rangi na kuchora juu yake vyungu vya maua, ili mtaa upendeze. Nilikuwa nikipita mbele ya maua yale ya kuchora natamani kutema mate, lakini nilikuwa nimevaa sare ya serikali.

Watoto walipopungua shule ilifungwa. Bernadette alihamishiwa shule nyingine kwa nusu ya saa zake, wakati ambapo malipo ya mkopo yalikuwa yamekwisha kupanda. Alikosa kulipa mwezi mmoja, wa pili, wa tatu. Mwezi Machi nilimpelekea ile nyeupe. Alisaini kwa mwandiko wake wa shule ya masista, akaifungua palepale mlangoni, akaisoma yote mpaka chini.

"Alvin, wanasema watainadi nyumba."

"Pole, Bernadette."

"Wewe unazipeleka hizi kila siku. Wenzangu hufanyaje?"

Nikajibu. Mungu anisamehe, nilijibu haraka, tena kwa sauti ya mtu anayejua. "Wanaondoka."

"Kabla au baada ya mnada?"

"Wenye kujiheshimu, kabla. Ukingoja, sherifu anakuja na vijana wake wanatoa kochi lako mpaka barabarani, nguo zako za ndani juu yake, na mtaa mzima umekaa kutazama."

Alitazama ng'ambo. Duane alikuwa barazani, bila shati, anawasha jiko lake la kuchomea nyama. Naye nilikuwa nimempelekea nyeupe yake asubuhi hiyo, benki ileile, wakili yuleyule. Hakuifungua. Aliisokota, akaichovya kwenye mafuta, akaitia chini ya makaa.

"Hii inashika moto vizuri, Alvin!" alipaza sauti. "Wakiandika nyingine niletee. Jumamosi nina mbavu za nguruwe!"

"Sitaki kuwa kichekesho cha yule," Bernadette aliniambia taratibu. Nadhani ni hapo alipoamua.

Alichukua miezi mitatu. Wengine walipofukuzwa walitoboa kuta, walimwaga saruji chooni, waling'oa masinki. Bernadette aliosha madirisha kwa siki. Alipaka nta sakafu. Alibandika kikaratasi kwenye tanuri la kupashia nyumba joto: "Likigoma, gonga kidogo upande wa kushoto." Kingine bafuni: "Funga bomba hili polepole, ni la zamani." Alikuwa anaiachia benki maelekezo, kama vile mkurugenzi wa benki atakuja kuoga pale.

Siku ya kuhama, shemeji yake alipokuwa amekwisha kupakia gari, aliniita jikoni nikaone. Juu ya kaunta palikuwa na mkate wa mviringo aliouoka mwenyewe, juu ya kitambaa cheupe, na kando yake kidau cha kioo chenye chumvi, cha mama mkwe wake.

"Watu wetu hawaachi nyumba tupu," alisema. "Anayeingia lazima akute mkate na chumvi. Si kosa lake mimi kutoka."

"Na kidau je? Si cha familia?"

"Ni cha nyumba hii. Nilikikuta hapa, nakiacha hapa."

Nilitamani kumwambia kwamba benki haina tumbo wala mdomo. Alifunga mlango, akausukuma mara mbili kuhakikisha umefunga, akatia funguo kwenye bahasha na kuniomba niipeleke kwa wakili kwa rejista. Niliipeleka. Hakulia mbele yangu. Akaenda kuishi Parma, kitongoji cha jirani, kwenye chumba cha chini ya ardhi cha shemeji yake, chenye kidirisha kimoja usawa wa majani.

Wezi wa shaba waliingia kabla ya theluji ya kwanza. Walikata mabomba yote, na yale maji aliyoomba yafungwe polepole yakamwagika siku nne mpaka dari ya jikoni ikaanguka. Tanuri lilibebwa, kikaratasi kikabaki sakafuni. Majira ya kuchipua wakaja wa aluminiamu, wakachuna mabati meupe upande mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, na ngazi yao wenyewe. Mabati aliyoyawekea nyumba rehani yakauzwa kwa kilo. Deni halikuwa na kilo, hivyo hakuna aliyeliiba.

Nikawa napita pale na kusema moyoni, shauri yao benki, waache waone hasara. Kumbe hata hasara hiyo ni ya nani sikujua. Barua zenye nembo ya jiji zilianza kuja kwenye nyumba ile tupu, kwa jina la Bernadette. Mwaka wa kwanza posta huzipeleka anwani mpya. Mwaka ukiisha, kanuni inasema zirudishwe zilikotoka. Nilizigonga muhuri wa "Amehama" moja baada ya nyingine, kwa mkono huuhuu, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini jiji linamwandikia mtu aliyenyang'anywa nyumba. Mimi, mjuzi wa bahasha.

Watu wa jiji walimpata Aprili 2011. Ofisa wa mahakama ya nyumba aliingia kwenye bwalo la shule saa ya chakula, akamkuta na upawa mkononi anagawa makaroni, na watoto mia mbili kwenye foleni wakasikia anasomewa kwamba ameshindwa kuitunza mali yake: nyasi ndefu, madirisha yaliyovunjika, jengo la hatari. Alikuwa amekimbia aibu ya barazani kwake, ikamfuata mpaka kazini. Usiku ule alinipigia simu.

"Alvin, wanasema nyumba ni yangu."

Nilichukua siku ya mapumziko nikaenda naye mahakamani. Alivaa koti lake la kanisani. Upande wa pili alikaa kijana wa kampuni ya mawakili wa benki, nywele zimelala vizuri, simu mbili mezani. Hakimu alikuwa mama mwenye uso wa mtu aliyeisikia hadithi hiyo mara nyingi wiki hiyo.

"Bi Hlavaty, hati ya nyumba bado iko kwa jina lako," alisema.

"Mheshimiwa, benki iliichukua. Niliwapa na funguo."

Hakimu akamgeukia kijana. "Mliichukua?"

"Hapana, Mheshimiwa. Tulifungua kesi, ndiyo. Lakini mteja wangu alipima, akaona gharama za mnada zinazidi thamani ya nyumba. Kwa hiyo hakuendelea."

"Lini?" aliuliza Bernadette.

Kijana alifunua makaratasi bila haraka. "Mei 2008."

Bernadette alihesabu kwa vidole kama mtoto. Alikuwa ameondoka tarehe kumi na nne Juni.

"Sasa aliyenifukuza ni nani?"

"Hakuna aliyekufukuza, mama," kijana alisema, tena kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonichoma. "Ulikuwa na haki ya kukaa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Sheria haikututaka tukuambie."

Ilikuwa kweli. Mtu hutumiwa barua ya rejista kuambiwa anakaribia kufukuzwa. Kuambiwa kwamba hafukuzwi tena, hata stempu moja hawakuiona inafaa. Na pale juu ya faili la kijana yule, naapa niliiona kwa macho yangu, palikuwa na bahasha yangu ya rejista ya mwaka 2008, haijafunguliwa, funguo za ndani zimeifanya karatasi ivimbe. Hakimu alimrudishia. Alimfutia faini, akampa pole, pole ya kweli, lakini jengo lilikuwa limekwisha kuharibika na lazima libomolewe. Gharama ya kubomoa ni juu ya mwenye mali. Na mwenye mali, kwa mara ya kwanza tangu aondoke, alijulikana ni nani.

Tingatinga lilikuja Septemba, siku ya Jumanne. Nilikuwa kazini, mkoba begani. Bernadette alikuja kwa basi na akasimama kwenye njia ya miguu aliyoifagia miaka thelathini. Duane alikuwa ng'ambo juu ya kochi lilelile. Magari yalikuwa yamefika manne. Nyumba yake ilikuwa imechakaa, rangi imebanduka, lakini ilikuwa na mabomba, ilikuwa na tanuri, na ilikuwa na mtu. Benki haikurudi kwake pia. Alizichoma barua zote, hakwenda popote, na hakuna aliyekuja kumtoa.

"Mama, usisimame juani," Duane alisema. "Njoo ukae."

Kwa miaka yote ile Bernadette hakuwahi kukanyaga baraza la Duane. Nilidhani atafyonza. Akavuka barabara, akapanda ngazi, akaketi kwenye ncha ya kochi na mkoba wake magotini. Mimi nikasimama chini ya ngazi. Meno ya tingatinga yalishika kona ya paa, chumba cha juu kile chenye dirisha la kutazama kanisa, na kikashuka chote kwa mara moja. Ilichukua dakika arobaini. Nyumba ya babu yake Eddie, dakika arobaini pamoja na dereva kusimama kujibu simu.

Duane aliingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye tambara la gereji. Kilikuwa kidau cha chumvi.

"Nilikitoa siku ileile uliyoondoka," alisema. "Nilijua wale wa shaba watakuja. Mlango wako wa nyuma haukuwa unafunga sawasawa, mama. Tangu zamani."

Bernadette alikigeuzageuza mkononi. Chumvi ilikuwa bado imo, imeganda.

"Na mkate?"

"Niliula."

"Ulikuwaje?"

"Mtamu. Niliupaka siagi."

Akacheka, mara moja tu, kwa pua, halafu uso ukamharibika na akalia kwa sauti, pale barazani kwa Duane Pruitt, mtaa mzima unatazama, kama kweli kulikuwa na mtaa wa kutazama. Alipoweza kusema alimgeukia.

"Ulijua wewe? Ulijua kwamba mtu anaweza tu kukaa?"

"Sikujua kitu, mama. Nilikuwa sina pa kwenda."

"Ungeniambia basi. Ungeniambia, 'Bernadette, kaa.'"

"Hukuniuliza," Duane alisema, bila ubaya. Akaniashiria kwa kopo lake la bia. "Ulimwuliza yule."

Bernadette alinitazama. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu mahakamani, lakini aliendelea tu kunitazama akiwa na kidau mkononi. Mkobani nilikuwa na bahasha yake moja, nyeupe, yenye kidirisha, nembo ya jiji. Ilikuwa bili ya tingatinga, imefika hata kabla vumbi halijatua. Nikaitoa, nikapanda ngazi mbili, nikampa na kalamu asaini.